Kobe Chini ya Sufu

Siku hizi mashine ile inatafutwa. Watu wazima, wenye kazi zao na vitambi vyao, huoneshana picha zake kwenye simu na kuisifia rangi yake ya kahawia, mgongo wake uliobinuka na kitufe chake kikubwa cha manjano. Husema kwamba ilionewa: ilitoka wakati mbaya, wenzake wakaitangulia madukani, na walioiunda wakaitupa kabla watu hawajaizoea. Mama mmoja akiyasikia mazungumzo hayo hunyanyuka taratibu na kwenda kukaa jikoni. Hana ugomvi na wanaoisifu. Yeye aliishi nayo, na anajua mambo mawili ambayo hawayataji: mashine ile ya gemu haikuwa na kumbukumbu, na ilikuwa inapata moto.

Iliingia nyumbani kwake mikononi mwa mumewe, fundi redio. Mwenye duka mmoja aliyekuwa anafunga biashara alimsukumia pamoja na kaseti yake moja. "Nawe chukua hii," alimwambia, "inanijazia rafu bure." Fundi aliiweka sebuleni, juu ya kabati fupi, kwa kuwa soketi pekee iliyokuwa nzima katika chumba kile ilikuwa hapo. Binti mdogo, ambaye wote walimwita Kitinda, aliitazama mara moja akasema ni kobe. Jina likashika.

"Mnaona matundu haya mgongoni?" fundi aliwauliza binti zake. "Hizi ndizo pua zake. Zisizibwe."

"Kobe wako apumue vizuri," mkewe alimjibu kutoka mlangoni, "sisi wengine humu ndani tunapumua kwa zamu."

Hakuwa anatia chumvi sana. Sebule ile ilikuwa pia chumba cha mama mkwe wake, tangu kiharusi kilipomwangusha na kumnyang'anya miguu, mkono wa kushoto na maneno yote. Kitanda chake kiliegemezwa ukutani, na mto wake ulikaribiana na kabati lile kiasi kwamba angeweza kuligusa kwa mkono wa kulia, mkono pekee uliobaki kumtii. Juu ya kabati lilining'inia pazia. Mkono ule ndio uliokuwa kinywa chake. Akigonga ubao wa kitanda mara moja, ni ndiyo. Akigonga mara mbili, ni hapana. Mengine yote aliyotaka kusema yalibaki ndani yake, yakisubiri mtu ayaulize.

Kabla ya kuugua alikuwa mpishi wa shule, mwanamke wa masufuria ambayo mtu angeweza kuogea ndani yake, na ulimi wake ulikuwa moto kuliko jiko lake. Shabaha yake kuu ilikuwa vitambaa vya mkwewe. Mkwewe huyo alikuwa mfumaji. Alifuma vitambaa vya meza, vya makochi, vya redio na vya mitungi ya maji. Kitu kikikaa mahali pamoja siku chache, alikichukua kipimo na kukifumia kitambaa chake. Wateja walivisifu. Mama mkwe aliviangalia na kuguna.

"Iko siku," aliwahi kusema mbele ya wageni, "nitaamka nimefunikwa kitambaa kichwani, na chombo cha maua kimewekwa juu."

Wageni walicheka hadi wakashika mbavu. Mfumaji naye alicheka, lakini kwa meno tu. Maneno yale yaliingia mahali na kukaa.

Baadaye fundi alipata kazi ya kufunga vipaza sauti katika ukumbi mkubwa uliokuwa ukijengwa mji mwingine. Aliaga, akamshika mama yake mkono, akamwambia mkewe, "Mama watoto, nakuachia mama yangu." Akaondoka. Nyumba ikabaki ya wanawake wanne na Kobe.

Gemu iliyokuwa ndani ya kaseti ile ilikuwa ya mtu mmoja aliyeshika taa, akishuka ndani ya shimo. Hakuwa na silaha wala rafiki. Kadiri alivyoshuka, taa yake ilififia na muziki ulipungua, hata mwishowe zikabaki sauti tatu nzito zilizojirudia. Hakuna aliyejua chini kabisa palikuwa na nini. Na ukizima mashine, mtu yule alirudi juu, mdomoni mwa shimo, kana kwamba hakuwahi kushuka.

Binti mkubwa aliitwa Hakimu, kwa sababu watoto wa jirani walimletea kesi zao. Ni yeye aliyekata shauri hili.

"Hatuizimi," alimwambia mdogo wake. "Tunazima televisheni peke yake. Kesho tukirudi shule tunamkuta pale pale tulipomwacha."

"Na mama akiona kile kitaa chekundu?"

Hakimu alichukua kipande cha plasta ya vidonda, akakibandika juu ya kitaa. "Kitaa gani?" akauliza.

Wakacheka. Tangu siku hiyo Kobe hakupumzika. Haya mama yao aliyajua baadaye, yalipokuwa hayana tena faida yoyote. Wakati ule aliona kioo cheusi cha televisheni, akaridhika kwamba wanawe wana adabu ya umeme.

Kitu kinachokaa bila kutumika, machoni pake, kilikuwa kinamwita. Alimfumia Kobe kitambaa cheupe cha uzi mwembamba, chenye pindo la mawimbi, akakitandaza mgongoni mwake vizuri, juu ya matundu yote. Akarudi nyuma kukitazama. Kilipendeza.

Alipoingia tena, kitambaa kilikuwa sakafuni.

Alikiokota, akakirudisha. Alipotoka kwenda kuanika nguo na kurejea, kilikuwa chini tena, na mkono wa mama mkwe wake ulikuwa unaning'inia ukingoni mwa kitanda.

"Mama, ni wewe umekitoa?"

Kugonga kumoja.

"Hukipendi?"

Mkono ulisita, kisha ukagonga mara moja.

"Ni kibaya?"

Mara moja. Macho ya mgonjwa yalikuwa yameganda kwenye Kobe, yakaenda kwa mkwewe, yakarudi kwa Kobe. Mfumaji hakuyafuata yalikokwenda. Alikuwa anasikia tena kicheko cha wageni.

"Sawa, Mama," alisema kwa sauti ya upole iliyomgharimu. "Hata bila ulimi bado umenipata."

Mgonjwa aligonga mara mbili, kwa nguvu, halafu mara mbili tena. Lakini swali lilikuwa limekwisha kupita, na mkwewe alikuwa jikoni akikung'uta kitambaa. Hapo ndipo alipoona, katikati ya weupe, doa la rangi ya chai.

Kitinda aliitwa, akaulizwa ni nani anayeweka vikombe juu ya vitu vya watu. Aliapa kwamba si yeye. Mama yake alikiloweka kitambaa, akakisugua kwa sabuni, akakianika juani. Doa halikutoka. Basi akafuma kingine, cha uzi mzito zaidi, ili chai ikimwagika isifike kwenye mashine ya mumewe.

Hicho nacho kilitupwa chini, na hicho nacho kikashika doa, safari hii likiwa limekolea na kukakamaa katikati kama ukoko. Rangi ya ukuta nyuma ya kabati ilianza kuwa ya manjano. Paka wa jirani, ambaye hakuwa na desturi ya kuingia, alianza kuingia na kujilaza pale kabatini, akilala usingizi wa kifo. Chumba kilikuwa na joto la kudumu, joto lisilotoka dirishani.

"Humu ndani mmekaa kama mnaangua mayai," alisema jirani yao, msusi, alipokuja kumjulia hali mgonjwa.

"Mgonjwa hatakiwi baridi," mfumaji alimjibu.

"Baridi ataipatia wapi, mwenzangu? Mimi hapa nimekaa dakika mbili naanza kuiva." Msusi alimwinamia mgonjwa. "Shikamoo, mama yangu. Wanakupika, au siyo?"

Mgonjwa aligonga mara moja. Msusi alicheka hadi akajifuta machozi, na mfumaji akacheka pia, akafungua dirisha kidogo. Yule aliyekuwa kitandani hakuwa na dalili yoyote ya kucheka. Aligonga tena, mara moja. Kisha tena.

Jioni watoto waliporudi kwenye shimo lao, aliwagongea wao. Mara mbili, mara mbili, mara mbili.

"Bibi anasema hapana," Kitinda alinong'ona.

"Bibi hapendi kelele," alihukumu Hakimu, akapunguza sauti. Alikuwa ameshika mgongo wa Kobe kupangusa manyoya ya paka, akauondoa mkono wake haraka na kuupuliza. Alitazama kitambaa, akamtazama bibi yake. Hapo kwenye kioo taa ya yule mtu ilikuwa imebaki cheche. "Tunakaribia chini," alisema. "Kesho tunamaliza, halafu tunaizima."

Kesho yake hawakumaliza.

Mfumaji naye alikuwa na kazi yake ya kumaliza. Aliitenda kwa siku kadhaa akiwa ameketi kitini mbele ya mama mkwe wake, sindano ikienda na kurudi, na mgonjwa akiitazama sindano ile kama mtu anayetazama maji yakipanda. Safari hii alifuma kwa uzi wa sufu. Ndani alishonea kipande cha blanketi kuukuu. Hakikuwa tena kitambaa cha kutandaza. Kilikuwa vazi kamili, lenye mabega na mikunjo, lililomkaa Kobe hadi tumboni. Na kwa kuwa alikuwa amechoka kuokota, alilitia utepe kila pembe, akaupitisha chini na kuufunga mafundo.

"Basi, Mama," alisema alipokaza fundo la mwisho. "Hili litakushinda."

Hakulisema kwa chuki. Alilisema kama mtu anayecheza karata na kutupa ile aliyoificha. Mama mkwe alinyoosha mkono, akashika utepe, akauvuta. Haukufunguka. Akagonga ubao mara mbili. Akagonga hadi vidole vikawa vyekundu, na mkwewe, huku akimfunika shuka, alimwambia, "Nimesikia. Ni mbaya. Nimesikia."

Siku ya pili yake alitakiwa kumpelekea vitambaa mke wa mhasibu, mteja aliyehamia nyumba mpya mtaa wa juu. Watoto walikuwa shuleni. Alimnywesha mgonjwa uji, akamgeuza ubavu, akapanga vitambaa vyake kwenye kikapu. Kulikuwa na harufu kidogo ndani, kama ya pasi iliyosahauliwa. Alikwenda jikoni, akahakikisha jiko limezimwa. Lilikuwa limezimwa. Akafunga dirisha, kwa ajili ya paka. Akafunga mlango kwa ufunguo, kwa ajili ya wezi.

"Narudi sasa hivi, Mama," alisema kupitia mlangoni.

Mara mbili, ubao ulimjibu. Alikuwa bado anausikia alipofika kwenye kona.

Mke wa mhasibu alikuwa mtu wa maneno mengi na soda baridi. Alivipokea vitambaa, akavisifu, akavitandaza kochi baada ya kochi. Kisha akashusha sauti kama mtu anayetaka kusema jambo bila kumkosea mwenzake.

"Usinielewe vibaya, mama. Kazi yako ni safi. Ila uzi wako mmoja unageuka rangi. Hebu ona."

Aliondoa kitambaa kilichokuwa juu ya televisheni, kile alichokinunua mwanzo kabisa, akamwonesha. Katikati kulikuwa na doa la rangi ya chai, lililokakamaa.

Mfumaji alilitazama. "Nani aliweka kikombe?"

"Kikombe gani, juu ya televisheni? Ni baba mkwe wangu huyo. Anaiwasha asubuhi na kuizima akilala. Hapo juu unaweza kukaanga yai." Mke wa mhasibu alicheka. "Weka mkono uone."

Mfumaji aliweka mkono. Aliuacha pale, juu ya joto lile, muda mrefu kuliko ilivyopasa. Mke wa mhasibu aliona uso wake ukibadilika, akauliza kama uzi ule ni wa bei mbaya.

Kikapu kilibaki sakafuni, soda ikabaki mezani. Wanaoijua barabara ile inayoteremka kutoka mtaa wa juu walimwona mwanamke mtu mzima akikimbia bila viatu, ufunguo mkononi, na baadhi wakamcheka. Njiani mambo yalikuwa yanamjia moja moja na kila moja lilikuwa na mkono wa mama mkwe wake ndani yake: mkono ukining'inia ukingoni mwa kitanda, mkono ukivuta utepe, mkono ukigonga hapana, hapana, hapana. Alimwuliza kama ni kibaya. Hakuwahi kumwuliza kama kina moto.

Harufu ilimpokea kabla ya mlango. Haikuwa ya kuni wala ya chakula. Ilikuwa ya plastiki na manyoya. Ufunguo ulikataa kuingia, au mkono wake ulikataa kuuingiza. Ulipoingia na mlango kufunguka, moshi mzito wa kijivu ulitoka chini chini, ukampita miguuni kama mnyama aliyekuwa akisubiri kufunguliwa.

Mama mkwe wake alikuwa sakafuni. Namna alivyoshuka kitandani, mtu asiye na miguu, hakuna aliyeweza kuieleza baadaye. Mdomoni mwake kulikuwa na kipande cha utepe. Fundo moja alikuwa amelikata kwa meno. Mengine yalikuwa bado yamekazwa. Vazi la sufu lilikuwa limesinyaa na kugandamana na mgongo wa Kobe, vikawa kitu kimoja cheusi kinachotoa moshi, na pindo la pazia juu yake lilikuwa limeliwa. Mkono wa kulia ulikuwa umeingia humo, ukatoka na plastiki iliyoyeyuka ikiwa imekishika kila kidole. Na bado mkono ule ule, baada ya hapo, ulikuwa umeufuata waya hadi ukutani na kuung'oa.

Msusi alisikia mayowe, akaja mbio na mikono yenye mafuta ya nywele. Alimbeba mgonjwa upande wa kichwa, mfumaji upande wa miguu, wakamtoa nje, wakamfikisha zahanati ya mtaa. Mwuguzi aliufungia mkono bandeji hadi juu ya kiwiko. Alisema uhai upo. Kuhusu vidole, alisema tusubiri, kwa sauti ya mtu ambaye hana anachokisubiri.

Waliporudi, msusi alibaki kusaidia kufagia. Alikiokota kile kitu cheusi kwa ufagio na kizoleo cha takataka, akakigeuza, akaona utepe.

"Ulikuwa umeifunga mafundo?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Na dirisha?"

"Nililifunga."

"Na mlango ukaufunga kwa nje." Hakuuliza tena, alijumlisha tu, bila ubaya wowote, kama mtu anayejaribu kuelewa. Kisha akaendelea kufagia, lakini hakumtania tena mtu, na alipoaga hakumtazama mfumaji usoni.

Watoto waliporudi kutoka shuleni, Kitinda aliingia mbele, mkoba ungali mgongoni. Hakuiona bandeji wala ukuta mweusi. Aliuona waya uliolala sakafuni.

"Nani amezima?" alilia. "Tulikuwa tumefika chini."

Hakimu alimziba mdomo kwa kiganja. Alisimama hivyo, macho yake yakienda kwa bibi, yakienda kwa mama. Halafu akaanza kusema, kuanzia plasta ya vidonda, bila kuruka kitu. Mama yake alimsikiliza hadi mwisho. Hakumpiga wala kumkemea. Alimwambia ampeleke mdogo wake kwa msusi, wakakae huko.

Fundi alikuwa amepigiwa simu, naye alikuwa njiani. Angeingia, angepiga magoti kando ya kitanda cha mama yake, na angemwuliza. Mfumaji alijua ni swali gani, kwa kuwa lilikuwa limekwisha kuulizwa na msusi, na kabla jua halijazama lingekuwa limeulizwa mtaa mzima. Mkwe na mavyaa, watu waliokuwa hawapatani kwa sababu ya vitambaa. Mafundo, dirisha, mlango.

Alivuta kiti karibu na kitanda. Mama mkwe wake alikuwa macho. Mkono wake ulilala juu ya shuka, mnene na mweupe, usioweza kugonga kitu chochote.

"Mama," alisema. "Leo nitakuuliza vizuri. Kama ni ndiyo, funga macho. Kama ni hapana, yaache wazi. Umenielewa?"

Macho yalifumba, yakafumbua.

"Una maumivu?"

Yalifumba, yakafumbua.

Nje, watu walipita wakiongea, na walipofika usawa wa dirisha sauti zao zilishuka. Mfumaji alingoja wapite. Alilainisha shuka ambayo haikuwa na mkunjo.

"Mama, unadhani nilifanya makusudi?"

Mama mkwe alimtazama. Alimtazama muda mrefu, bila hasira na bila huruma, kama alivyokuwa akiitazama ile sindano ikienda na kurudi. Kisha akafumba macho.

Mfumaji alisubiri yafumbuke. Huenda mgonjwa alikuwa amechoka. Huenda dawa ya mwuguzi ilikuwa imeanza kumlaza. Kifua chake kilipanda na kushuka. Mfumaji aliinama, akaita, "Mama?" kisha akaita tena. Barabarani gari lilisimama, mlango wake ukafunguliwa, na alizisikia hatua za mumewe zikija mbio. Macho yalikuwa bado yamefumbwa.